Mwewe wa Miguu ya Zambarau

Khatibu bin Jumaa,
Nyumba yenye baraza ya kijani, nyuma ya msikiti mdogo,
Kisauni, Mombasa Bara.
Mfunguo Nne, Juni 1962.

Ndugu Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima. Ikiwa umenizidi umri, pokea shikamoo yangu. Ikiwa nimekuzidi, iweke mpaka utakapoonana na mkubwa wako umpe yeye, maana gazeti lako husema kila kitu ila umri wa mhariri. Mimi hali yangu ni njema, alhamdulillahi. Mke wangu Tima hajambo. Majirani nao hawajambo, tena wamenenepa, na hilo ni sehemu ya malalamiko yangu. Wasio wazima ni vifaranga.

Kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unaandikiwa na mpita njia. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, mwana wa mzaliwa wa Kisauni. Kwa miaka mingi nilikuwa nyapara wa makuli gatini Kilindini, na kazi ya nyapara, Ndugu Mhariri, ni sauti. Makuli wako chini tumboni mwa meli, mtu wa winchi yuko juu, mashine zinanguruma, na kati yao limening'inia rundo la magunia ya saruji lisilomjua mtu wala dua yake. Mimi nikisema "Shusha!" linashuka. Nikisema "Simama!" linasimama. Hakuna kuli aliyepondwa mguu katika zamu yangu. Nilipostaafu walinipa saa ya mfukoni na mkono wa kwaheri, lakini sauti sikuwaachia. Nilivuka nayo daraja la Nyali nikaja nayo nyumbani.

Hapa nyumbani sauti ikapata kazi. Kila mtu mtaani kwetu hufuga kuku, na kila mwenye kuku ana mwewe. Desturi yetu tangu zama za wazee ni kwamba anayemwona mwewe kwanza ndiye aitaye. Nami, kwa kuwa hukaa barazani kutwa nikishona kofia, na kwa kuwa jicho langu lilizoea kutazama juu nisije nikaangukiwa na mzigo, ndiye nimwonaye kwanza. Basi huita, "Mweweee! Yuaja!" Jirani yangu Bi Mwanatatu hujibu "Swaaa!" huku akipiga debe, aliye pili yake hupiga sufuria, na kelele hukimbia nyumba kwa nyumba mpaka kwa Mama Agneta kule Frere Town, naye hupiga sinia, maana mwewe hachagui kuku wa Mwislamu na kuku wa Mkristo. Watoto hutoka, kuku hukusanya wanawe, na mwewe huenda zake kutafuta panya. Tima alikuwa akiwaambia wageni wetu, "Mume wangu ndiye ukuta wa kuku wa Kisauni." Naomba uyashike maneno hayo, kwa sababu ni siku nyingi sasa hajayasema.

Yaliyoharibu mambo nimeyatia nambari ili usipotee njiani.

1. Bwana Nicanor. Huyu ni karani wa reli kutoka bara, mpangaji wa Bi Mwanatatu katika chumba cha nyuma kinachopakana na ua wetu. Sina neno baya juu ya tabia yake. Hunipa shikamoo asubuhi na jioni, halewi, na mkewe Milcah aliyebaki kwao humwandikia barua naye huzijibu. Kosa lake ni kwamba mzungu mmoja wa Nyali alisikia uhuru unabisha hodi, akauza vyombo vyake arudi kwao, na wakati watu wenye akili walipokuwa wakigombea vitanda na makabati, Bwana Nicanor alinunua darubini na kitabu cha ndege. Tangu siku hiyo, akitoka kazini hupanda juu ya kiti uani kwa Bi Mwanatatu akawatazama mwewe. Hawafukuzi wala hawarushii jiwe, kazi yake kuwatazama tu, mdomo wazi, mpaka chai yake inapoa. Nilimwuliza faida yake nini. Akaniambia, "Mzee, nyumbani kwetu wapo hawa hawa. Nikimwona mmoja anazunguka, naona kama mama yangu yuko hapo chini anaanika mtama." Nikamwambia mwewe wa pwani ni wa pwani, asituchanganyie. Akacheka kwa adabu. Hilo peke yake ningelisamehe.

2. Majina. Kitabu chake ni cha Kizungu, hakina neno la Kiswahili hata moja. Jioni moja alikuja nacho barazani kwangu, watu wamekaa wanakunywa kahawa, akafungua ukurasa uliojaa ndege wa jamii ya mwewe watupu, akaniuliza mbele ya wote, "Mzee Khatibu, nyinyi ndio wenye lugha. Huyu mnamwitaje?"

Ndugu Mhariri, mtu wa bara anaweza kusema "sijui" na usiku akalala usingizi. Mswahili wa Mvita haulizwi jina la kitu kwa Kiswahili, barazani kwake, mbele ya watu na kahawa yao, akajibu "sijui". Sisi tangu utotoni kila kilicho juu kinachotaka kuku ni mwewe, basi, hatukuwa na haja ya kumjua na mama yake. Lakini majina mengine yapo, nimeyasikia kwa wazee, na nikayatoa. Picha ya kwanza nikamwambia kipanga. Ya pili kozi. Ya tatu kengewa. Ya nne furukombe, na hapo majina yakanikatikia na picha zilikuwa bado. Ya tano alikuwa ndege wa rangi ya udongo, mkia wenye panda, amekaa juu ya tawi ametulia kama mtu aliyeshiba. Nikasema, "Huyo ni mwewe mjomba."

Akaniuliza anakula nini. Nikasema, "Mjomba huleta, hachukui. Huyo hali kuku. Hula mijusi na makombo." Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema hata marehemu babake alikuwa akimtaja mwewe mjomba. Bwana Nicanor akayaandika yote kwa penseli kando ya picha. Tima, aliyekuwa nyuma ya mlango, akakohoa.

3. Ndege wa picha ya tano ndiye yule yule anayekula kuku wetu. Kwa hilo silaumiki. Mchoraji wa kizungu alimchora akiwa amepumzika, na sisi hapa hatujapata kumwona akipumzika. Sisi humjua akishuka, makucha mbele, mabawa nyuma. Mchoraji alipaswa kumchora akiwa kazini. Lakini tazama yaliyofuata. Siku ya pili yake nilimwona juu ya mti wa mvinje, nikasimama, nikaita "Mweweee! Yuaja!" kwa sauti ile ile ya gatini. Bi Mwanatatu hakupiga debe. Alimgeukia mpangaji wake, akamwuliza, "Nicanor mwanangu, ni mwewe yupi huyo, alaye au asokula?" Nicanor akapanda kitini, akatia darubini machoni, akafungua kitabu, akafunga kitabu, akasema kwa upole kabisa, "Tulia, Mama. Ni mwewe mjomba." Wakati huo mjomba alikuwa amekwisha kushuka uani kwangu na kupaa na kifaranga.

Tangu siku hiyo nikiita, watu hawatoki. Hungoja kwanza karani aseme. Mwewe wakali siku hizi hutangazwa na Bwana Nicanor, na wakali kwake ni kozi na kengewa, ambao mimi sijapata kuwaona Kisauni na sina hakika kama nikiwaona nitawajua. Nilipomwambia Bi Mwanatatu kwamba yule wa mvinje ni mwizi, alinijibu mbele ya watu, "Kaka Khatibu, si wewe uliyesema mjomba hali kuku? Au siku ile hukujua?" Neno la mtu mzima likitoka halirudi kinywani, na nikinyamaza naliwa kuku. Nakwambia bila kuficha, jambo hili linaniuma. Mtu aliyekuwa akisimamisha magunia hewani kwa neno moja, leo anaita mpaka mshipa wa shingo unasimama, na mtaa mzima unaendelea kupepeta mchele.

4. Ua. Bwana Nicanor ameapa kuwa yeye hutazama juu tu, nami namsadiki. Lakini mwewe hakai juu tu. Mwewe hushuka, na darubini humfuata. Siku moja alishuka uani kwetu wakati Tima amejifunga kanga kifuani, kichwa wazi, anachemsha rangi ya ukili wa mikeka, na darubini ikashuka pamoja naye mpaka kwenye sufuria. Nilikwenda kwa Tima mbio nikitaraji kumkuta amewaka moto. Tima akaniambia, "Yule atazama ndege, Khatibu, na mato yake hata hayakuniona. Na wewe hujaniona tangu Idi." Sikuona uhusiano wa maneno hayo na suala la mwewe. Nimeyataja ili usije ukasema nimekuficha kitu.

5. Miguu. Hapa lazima nikueleze desturi nyingine. Mtaani kwetu kila nyumba hupaka vifaranga vyake rangi ya ukili, ile ile ya mikeka, ili mtu avijue vyake vinapochanganyika njiani. Sisi ni zambarau. Bi Mwanatatu ni kijani. Mama Agneta ni nyekundu. Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa, vifaranga vilikuwa havikauki, rangi ikawa inachuruzika, na kila aliyevishika vya kwetu aliondoka na viganja vya zambarau ambavyo sabuni haikuvifanya kitu. Sasa wewe na mimi hushika kwa mikono. Mwewe hushika kwa miguu.

Mwezi uliopita Bwana Nicanor alinijia barazani anakimbia, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akisema amemwona ndege asiyekuwemo kitabuni: mwewe mjomba mwenye miguu ya zambarau. Uso wake uling'aa kwa furaha hata nikaona haya kumtazama. Alisema labda hakuna mwingine duniani ila huyu wa Kisauni. Nilitaka kusema. Wallahi mdomo niliufungua. Lakini hebu fikiri pamoja nami. Nikisema ile ni rangi ya vifaranga, nimesema mjomba anakula vifaranga. Nikisema mjomba anakula vifaranga, nimesema jioni ile ya kahawa sikujua. Nikaufunga mdomo. Wahenga walisema, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Basi miguu ndiyo hiyo, imeelekea, tena imepakwa rangi ionekane hata na asiye na darubini, na katika Kisauni nzima mtu mmoja tu hawezi kuitaja, naye ndiye mwenye kuku.

Sasa Bwana Nicanor amewaandikia wakubwa wa mambo ya ndege Nairobi. Mtaa umekubaliana kwamba mwewe huyo asirushiwe hata kokwa ya embe mpaka wakubwa hao wafike. Watoto wa shule wa Frere Town huletwa kwa mstari kumwona, na Bi Mwanatatu huwauzia mahamri. Mwenyewe hukaa juu ya mvinje akigeuza shingo huku na huku, mara anyanyue mguu mmoja, mara wa pili, kama bibi harusi anayeonyesha hina. Kisha watoto wakiondoka hushuka kwangu kula.

6. Chanzo cha uovu. Kwa kuwa siwezi kusema kuwa mwewe mjomba hula kuku, nilikaa nikafikiri siku nyingi, sindano mkononi, kofia haiendi mbele wala nyuma, na Mungu akanionyesha ukweli usiomwaibisha mtu yeyote, hasa mimi. Ni kweli kabisa kwamba mwewe mjomba hali kuku. Huyu wetu aliharibiwa kwa kutazamwa.

Hebu fikiri. Ndege aliishi kwa mijusi na makombo, hana aliyemjali. Ghafla anatazamwa kila jioni na karani mzima wa reli, mwenye mshahara na kaptura iliyopigwa pasi. Hata binadamu ukimkalisha mbele ya mpiga picha hubadilika: huazima koti, huazima saa, hukunja mguu, hushika kitabu asichoweza kukisoma. Mjomba naye akaona mjusi si chakula cha mtu anayetazamwa. Akahamia kuku. Kwa hiyo mla kuku halisi ni darubini, na mwewe ni mkono wake tu. Na ikiwa darubini moja imeweza kumharibu mjomba mmoja, itakuwaje uhuru ukija na kila karani akawa na yake? Leo kifaranga, kesho jogoo, kesho kutwa mbuzi, na watoto wetu wa chuoni hawajampita mbuzi sana kwa ukubwa. Nimelieleza jambo hili kwa Tima. Akaniuliza kama kofia niliyoagizwa na mwalimu wa chuo kwa ajili ya mwanawe imekwisha.

7. Umiliki. Sasa nimefika mahali ambapo sheria itahitajika, naomba ukae vizuri. Mwewe huyu ni wa nani? Nyama yake ni kuku zangu. Nguvu zake ni mtama wangu uliokuwa ndani ya kuku zangu. Miguu yake ni rangi ya mke wangu. Ukimvua yote aliyoyapata nyumbani kwangu yatabaki manyoya machache na ufidhuli. Mbuzi ukimlisha ni wako. Mtoto ukimlisha na kumvika ni wako, hata kama hakuzaliwa kwako. Na huyu nimemlisha, tena nimemvika soksi.

Kwa hiyo mwewe ni wangu. Bwana Nicanor anaitazama mali yangu bila idhini. Bi Mwanatatu anauza mahamri kwa jasho la mali yangu. Wakubwa wa Nairobi wakija, wabishe hodi kwangu na wavue viatu. Na nimesikia Bwana Nicanor anafikiri kumpa ndege huyo jina lake mwenyewe, aitwe Nicanor mpaka siku ya kiyama. Mimi ndiye niliyempa jina la kwanza, na mashahidi ninao, wote walikunywa kahawa yangu.

Najua wakati huu wakubwa wanabishana kama mwambao huu ubaki wa Sultani au utiwe pamoja na Kenya, na gazeti lako limejaa hotuba zao. Lakini kesi yangu inaihusu habari hiyo. Huyu mwewe hunyakua kifaranga hapa kwetu, ambapo ni kwa Sultani, na nimeambiwa na watu wasio na sababu ya kudanganya kwamba huenda kumlia upande wa Mariakani, ambako ni Koloni. Je, nimshitaki kwa Kadhi au kwa Bwana DC? Na uhuru ukija yeye awe upande gani? Bwana Nicanor anasema mwewe ni mmoja, wa pwani na wa kwao, na hajui mpaka. Maneno kama hayo yanasemwa na vyama vya siasa pia, lakini vyama havijala kuku wangu.

Kwa hayo yote naomba mambo machache yasiyo mazito. Darubini zipigwe marufuku Mombasa Bara yote, isipokuwa kwa manahodha walio baharini. Picha ya tano ichorwe upya, ndege akiwa anashuka, na chini yake yaandikwe maneno kuwa mwewe mjomba wa Kisauni ameharibika tabia baada ya kuja kwa reli. Mwewe mwenyewe atambuliwe na Serikali kuwa mmoja wa kuku zangu, kisha, akiwa mali yangu kwa haki, aondolewe juu ya mvinje apelekwe Voi au mbali zaidi. Na kabla ya yote, itangazwe kwamba Khatibu bin Jumaa akiita, watu watoke. Hili la mwisho ukinipatia peke yake, mengine nitayaacha. Wala si lazima wapige madebe. Watoke tu.

Naishia hapa kwa sababu wino na mchana vyote vinapungua. Nisalimie wapiga chapa wako, na kijana wa baiskeli anayetuletea gazeti lako likiwa limelowa, na yeyote katika jamaa zako anayefuga kuku. Tima anakusalimu. Bwana Nicanor naye anakusalimu. Hajui kuwa nakuandikia, lakini angejua angekusalimu, ndivyo alivyo.

Wako katika haki na uvumilivu,
Khatibu bin Jumaa,
Nyapara Mstaafu.

Tanbihi. Ndugu Mhariri, nilikuwa nimekwisha kuitia barua hii bahashani, nikaona si vibaya nimsomee Tima kwanza. Nilimsomea kwa sauti niliyo nayo, sina nyingine. Nilipofika nambari ya saba na kuinua macho, baraza ilikuwa imejaa watu, na Bwana Nicanor amesimama juu ya kiti chake upande wa pili wa ua, darubini chini, amesikia yote.

Bi Mwanatatu ndiye aliyeanza. "Kaka Khatibu! Kumbe mwewe ana mwenyewe! Mbuzi wako akila muhogo wangu, walipa. Haya, mwewe wako amenilia vifaranga tangu masika. Nipe kuku zangu." Nikamwambia ushahidi uliopo ni wa zambarau tu. Akaagiza darubini iletwe. Watu wakachungulia kwa zamu, na nilipofika mimi niliona kwa macho yangu kwamba mguu wa kushoto una kidole kimoja cha kijani, na kifuani kuna alama nyekundu. Kwa moyo safi nikampa Bi Mwanatatu kile kidole kiwe chake. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Baadaye kidogo Mama Agneta akafika kutoka Frere Town ameshika sinia, tena si la kupiga. Alisema amekuja nalo kuchukulia kuku wake.

Kwa hiyo naomba urekebishe. Mwewe si wangu. Popote nilipoandika kuwa ni wangu, wewe soma kuwa ni wa Serikali, yoyote itakayopatikana.

Bwana Nicanor alikuja barazani wa mwisho. Aliitazama mikono ya Tima. Akaitazama miguu ya ndege. Akafungua kitabu, akayasoma maneno yangu aliyoyaandika kwa penseli, na nikajua kwamba heshima yangu sasa iko mkononi mwa mtu wa kuja. Nilikitazama kidonge changu cha uzi, nikangoja. Akasema, "Mzee, basi huyu mjomba wenu ni sawa na mjomba wangu, ndugu yake mama. Yeye naye hakuwa akila kuku, mpaka afike kwetu." Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na katika kucheka kule hakuna aliyekumbuka tena kuniuliza kama siku ile nilijua au sikujua.

Wakati wanacheka nikamwona. Ametoka juu ya mvinje, amekunja mabawa, anashuka nyuma ya nyumba yangu. Nikaita, "Mweweee! Yuaja!" Hakuna aliyeuliza ni yupi. Bi Mwanatatu alirukia debe. Mama Agneta aligeuza sinia akalipiga. Tima alitoka na mwiko, mikono zambarau mpaka kwenye viwiko, na Bwana Nicanor, darubini inamgonga mgongoni, alipiga "Swaaa!" ya mtu aliyezaliwa Kisauni. Kelele zikaenda nyumba kwa nyumba mpaka Frere Town, nikazisikia zinarudi. Ndege aliondoka miguu mitupu. Kisha Tima akaniangalia, akawaambia waliokuwapo lile neno lake la ukuta, na machozi yakanilengalenga mbele za watu, sijali.

Basi barua hii usiichape, na ikiwa umekwisha kuichapa, usimwonyeshe mtu yeyote wa Serikali. Darubini waiache ilipo. Na mwewe, tafadhali, asiguswe. Wakimpeleka Voi, mimi nitakaa hapa barazani niite nini?